Imani Kando ya Ziwa Kivu

Mwaka 2007 shehena ya mchele ilifika mpakani Goma ikitokea upande wa Rwanda. Mchele ulikuwa umeharibika. Wenye mzigo walilijua hilo, na mkaguzi alipoutazama alilijua pia, lakini ilikuwapo njia iliyozoeleka ya kumaliza mambo ya namna hiyo: fedha mkononi. Mkaguzi huyo, Floribert Bwana Chui Bin Kositi, alikuwa ametoka kutimiza miaka 26. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Goma, akaajiriwa na OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayopima ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa fedha. Dau likapandishwa, akakataa tena. Watu wenye vyeo nao wakaingilia kati wakitaka alegeze, naye hakulegeza. Mchele haukupita.

Tarehe 7 Julai alitekwa mjini. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana ukiwa na alama za mateso.

Kabla ya hapo alikuwa amemwendea mtawa mmoja ambaye ni daktari, akamuuliza chakula kama kile kingewadhuru watu kiasi gani. Mtawa huyo alikuja kusimulia kwamba kijana alilipima jambo lile kwa imani yake: je, anaishi kwa ajili ya Kristo au la? Kama anaishi kwa ajili yake, fedha zile hawezi kuzipokea. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri na shahidi wa imani. Wakati huo Goma, mji aliozaliwa, ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari mwaka huohuo.

Wakristo wengi wakisikia neno “shahidi” huwakumbuka vijana wa Namugongo waliochomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga mwaka 1886, au waamini wa Roma ya kale waliotupwa mbele ya simba. Kesi ya Floribert inatoka mahali ambapo kila msomaji amewahi kusimama: dirishani, mbele ya mtumishi wa umma mwenye muhuri. Hakuna aliyemtaka amkane Yesu. Aliombwa tu aangalie pembeni kwa dakika chache.

Kwa nini hakuangalia pembeni? Sehemu ya jibu imo katika jioni zake. Tangu alipokuwa mwanafunzi alikuwa mmoja wa Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei wa Kikatoliki iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, na Goma kazi yake kubwa ilikuwa miongoni mwa watoto wa mitaani, wale ambao mji huo huwaita maibobo. Aliwakalisha wakasoma, akala nao, akawatafutia nafasi shuleni. Mchele mbovu unaopenya mpakani kwa bei ya chini haumalizikii kwenye meza za matajiri. Unakwenda kwenye sufuria za watu wasio na uwezo wa kuchagua, na Floribert aliwajua watu hao kwa sura na kwa majina. Mtu aliyeketi na mtoto jana jioni akimfundisha kuandika hawezi kirahisi kupiga muhuri kesho asubuhi ili mtoto huyo alishwe sumu.

Mpaka huohuo ulikuwa umeona jambo jingine miaka 13 kabla. Goma na Gisenyi ni miji miwili iliyogusana kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mmoja wa Kongo, mwingine wa Rwanda, na wakazi wake huvuka kwa miguu kwenda sokoni. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, Gisenyi alikuwapo mama mmoja wa Kihutu, Félicité Niyitegeka, mlei aliyeyaweka wakfu maisha yake kwa utume wa Kanisa, akifanya kazi katika kituo cha Mtakatifu Petro. Watutsi walikimbilia kwake. Aliwaficha, na kwa msaada wa wenzake akawavusha usiku kuingia Goma, kikundi kimoja baada ya kingine.

Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi. Alipopata habari kwamba dada yake ametambuliwa na wauaji, alimtumia ujumbe akimtaka aondoke ili aokolewe. Félicité alimjibu kwa barua: kuliko kujiokoa na kuwaacha watu zaidi ya 40 aliokuwa nao, alichagua kufa pamoja nao. Alimwomba kaka yake amwombee. Tarehe 21 Aprili wanamgambo wa Interahamwe waliwapakia wote garini na kuwapeleka kwenye makaburi ya halaiki. Hata pale walikuwa tayari kumwachia, kwa kumwogopa kanali. Alikataa tena, akauawa. Rwanda leo inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake wa daraja la Imena.

Habari kama hizi zinasisimua, na ndiyo maana zinahitaji kusimuliwa kwa uangalifu. Mwandishi akizipanga moja juu ya nyingine, msomaji anaweza kudhani kwamba taabu ilipokuja, Wakristo walisimama imara. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1994 takriban asilimia 90 ya Wanyarwanda walikuwa Wakristo, wengi wao Wakatoliki. Katika siku mia moja waliuawa watu kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja, na wengi waliuawa kanisani, mahali walipokimbilia kwa kuamini kwamba hakuna atakayethubutu. Waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, mara nyingi wa parokia moja, walioimba kwaya moja.

Nyange ni mlima ulio magharibi mwa Rwanda, upande wa Ziwa Kivu, na ndio mahali penye uchungu kuliko pote katika habari hii. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walijifungia katika kanisa la parokia. Tarehe 16 tingatinga lililetwa, likalibomoa kanisa juu yao. Padre aliyekuwa akiiongoza parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Alikata rufani, na mwaka 2008 majaji wa rufani wakakigeuza kuwa kifungo cha maisha, baada ya kuona kwamba alikuwa na sehemu ya moja kwa moja katika ubomoaji ule.

Miaka mitatu baada ya tingatinga, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa sekondari ya hapohapo Nyange walikuwa madarasani wakijisomea. Watu wenye silaha waliingia, mabaki ya majeshi yaliyokimbilia Kongo. Wakaamuru Wahutu wakae upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi wakajibu kwamba pale hapakuwa na Mhutu wala Mtutsi, wote ni Wanyarwanda. Amri ikarudiwa, na jibu likabaki lilelile. Risasi na mabomu ya kurusha kwa mkono vikafuata. Sita walikufa, wengi walijeruhiwa, na baadhi yao walikufa miaka ya baadaye kwa majeraha yale. Wanafunzi wa Nyange nao ni mashujaa wa Imena, waliokufa na waliosalia.

Padre aliyesomea teolojia kwa miaka mingi alifanya vile, na vijana wa sekondari walifanya hivi, juu ya mlima mmoja. Yeyote anayetaka kujua imani ya kweli ni ipi wakati wa taabu hawezi kulikwepa swali la Nyange.

Jibu rahisi ni kwamba wauaji wa 1994 hawakuwa Wakristo wa kweli. Linaweza kuwa sahihi, ila halimsaidii mtu, kwa sababu Machi 1994 hakuna aliyeweza kuwatambua. Walikuwa wakisali, wakitoa sadaka, wakibatiza watoto wao. Kinachofaa kuulizwa ni imani yao ilikuwa imeruhusiwa kugusa nini. Kwa miongo kadhaa Kanisa nchini Rwanda lilijenga shule na hospitali kwa juhudi ya kusifiwa, huku likiwa karibu mno na watawala. Askofu mkuu wa Kigali alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Vitambulisho vya kabila, vilivyoletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, viliendelea kutumika, na mgawo wa nafasi kwa makabila uliingia hadi mashuleni. Mahubiri yalikemea ulevi na uzinzi kwa ukali, na ni haki yake. Lakini mahali palipokuwa na kidonda chenyewe, mimbari nyingi zilinyamaza. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa niaba ya Wakristo walioshiriki mauaji, na Machi 2017 Papa Fransisko naye aliomba msamaha mbele ya Rais wa Rwanda.

Kuna uchungu wa ziada kwa Waprotestanti wa Afrika Mashariki. Gahini, mashariki mwa Rwanda, ndiko ulikowaka ule Uamsho wa miaka ya 1930 uliosambaa Uganda, Kenya na Bukoba, ukazaa Walokole. Ulianza na urafiki wa watu wawili waliokutana Namirembe mwaka 1929: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza. Waliookoka siku zile walirudisha mali walizoiba, wakaomba radhi hadharani kwa watu waliowakosea, Mzungu kwa Mwafrika na Mwafrika kwa Mzungu. Wokovu uligusa mfuko na uligusa kiburi cha rangi. Kenya, wakati wa Mau Mau, wapo Walokole wa Kikuyu waliokataa kiapo na wakakataa pia bunduki za serikali, wakachukiwa na pande zote mbili. Moto wa namna hiyo ulitoka Rwanda, na Rwanda ikaungua. Urithi wa imani haurithishwi kama shamba. Kila kizazi kinapaswa kuugusisha na maovu ya siku zake chenyewe.

Haki inadai pia isemwe kwamba jamii ndogo ya Waislamu wa Rwanda ilisifiwa baadaye kwa kuwaficha majirani waliokuwa wakiwindwa. Wakristo wa nchi ile wamelikumbuka jambo hilo kwa unyenyekevu.

Wiki sita baada ya usiku wa Nyange, jambo linalofanana nalo sana lilitokea kusini mwa Burundi, na huko tunajua zaidi kuhusu kilichotangulia. Seminari ndogo ya Buta iko katika jimbo la Bururi. Vita vya Burundi vilikuwa vimeanza Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, na katika shule nyingi za nchi ile wanafunzi Wahutu na Watutsi walikuwa wamefikia kuuana au kukimbiana. Gombera wa Buta, Padre Zacharie Bukuru, alikuwa na vijana wa pande zote mbili, baadhi yao wakiwa wamepoteza wazazi kwa mikono ya kabila la mwenzao wa kitanda cha jirani.

Angeweza kupiga marufuku maneno Mhutu na Mtutsi na kutumaini kwamba ukimya utaleta utulivu. Walimu wengi hufanya hivyo, na si kwa nia mbaya. Bukuru alifanya kinyume. Aliitisha mazungumzo ya wazi, ambamo vijana walizungumza juu ya yaliyotokea nyumbani kwao, juu ya historia ya Burundi na habari za vita, mbele ya wenzao wa kabila jingine. Uvumi ulipofika shuleni, ulikuta watu waliozoea kuulizana. Bwenini na mezani walichanganyika, na vilevile uwanjani na katika ngoma. Sala zilikuwapo, tena nyingi. Lakini sala hizo zilibeba majina ya waliouawa wa pande zote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulipata kwingineko. Siku chache kabla ya shambulio, vijana wa madarasa ya juu walikuwa wametoka kwenye mafungo ya kiroho.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliizunguka seminari na kuingia bwenini. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Hawakujitenga. Waliposhikana, waasi wakafyatua risasi na kurusha mabomu. Waseminari 40 waliuawa. Manusura walisimulia kwamba wapo waliokufa wakimwomba Mungu awasamehe wauaji, na wapo waliobaki wakiwahudumia majeruhi ingawa wangeweza kukimbia.

Padre Bukuru alinusurika, akaandika kitabu juu ya vijana wake. Hapo Buta leo kuna kanisa la hija, na mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwaombea watangazwe kuwa wenye heri. Ila jambo ambalo mwalimu, mzazi au mchungaji wa vijana angefaa kulichukua kutoka Buta ni ile miaka mitatu na nusu iliyotangulia asubuhi ile. Alfajiri ya Aprili 30 hapakuwa na muda wa kutafakari. Vijana walijibu kwa kile walichokuwa wamekizoea, kwa kuwa kuketi pamoja ilikuwa kawaida yao ya kila siku, na kujitenga ndiko kulikokuwa kugeni.

Turudi ziwani, upande wa kusini sasa, Bukavu. Oktoba 1996 vita vilikuwa vikiushukia mji huo. Maofisa wa serikali ya Mobutu walikuwa wamekwisha ondoka. Askofu mkuu, Christophe Munzihirwa, Mjesuiti wa miaka 70, alibaki. Kwa miaka miwili alikuwa amepaza sauti akiitaka dunia isiwasahau wakimbizi wa Rwanda waliojaa makambini Kivu, huku akiwakemea vilevile askari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliopora raia. Maneno kama hayo hayampatii mtu rafiki upande wowote. Tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa na askari wa Rwanda mjini Bukavu, akashuka akiwa na msalaba mkononi, akauawa. Mwili wake ulibaki barabarani hadi waseminari wa Shirika la Wasaveri walipoweza kuuchukua.

Mwanzoni mwa mwezi huohuo, tarehe 6, hospitali ya Lemera iliyo milimani kusini mwa Bukavu ilivamiwa, na wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na baadhi ya wauguzi. Daktari mkuu wa Lemera hakuwapo wakati huo. Jina lake ni Denis Mukwege.

Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyofuatana na baba yake akiwa mdogo kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba akaomba, wakaondoka. Mwana akauliza: nikiugua mimi unaniombea na kunipa dawa, mbona huyu hukumpa dawa? Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Basi mwana akaamua kuwa daktari, ili baba aombe na yeye atibu. Alisoma Bujumbura, kisha Ufaransa akabobea katika magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera kwa sababu aliona kina mama wakifa katika uzazi kwa kukosa mtu wa kuwahudumia.

Baada ya Lemera kuharibiwa, alianza upya Bukavu. Hospitali ya Panzi ilifunguliwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Ilikusudiwa kwa wazazi. Mgonjwa wa kwanza aliyepasuliwa hakuja kujifungua. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na watu wenye silaha kisha akapigwa risasi. Wakafuata wengine, na wengine, hata ikawa wazi kwamba ubakaji ulikuwa silaha ya vita iliyokusudiwa kuvunja familia na vijiji vizima. Maelfu kwa maelfu wametibiwa Panzi tangu hapo.

Septemba 2012 Mukwege alizungumza Umoja wa Mataifa akilaani uzembe wa dunia na wa serikali yake. Mwezi uliofuata watu wenye silaha walimvizia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa akijaribu kumwokoa. Alikwenda Ulaya na familia yake. Angeweza kubaki huko, wala hakuna ambaye angemlaumu. Waliomrudisha ni wanawake wa Kivu, watu wa kipato cha chini kabisa, waliouza mananasi na vitunguu ili kuchanga nauli yake ya ndege. Alirudi Januari 2013, akahamia ndani ya eneo la hospitali chini ya ulinzi. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa Kiyazidi kutoka Iraki.

Mukwege naye huhubiri, na lawama zake haziwaelekei Wazungu tu. Mei 2017, alipoalikwa kuzungumza kwenye mkutano mkuu wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani mjini Windhoek, Namibia, aliyataka makanisa yenyewe yaache mila na mafundisho yanayomdunisha mwanamke, kwa kuwa mbakaji wa vitani hulelewa katika jamii ambayo tayari imezoea kumdharau mwanamke. Ni neno zito kwa makanisa yetu, ambamo binti aliyebakwa bado hushauriwa anyamaze ili asiaibishe ukoo, na mume hupongezwa kwa “kumsamehe” mke aliyeumizwa na mwingine.

Panzi ilijifunza mapema kwamba upasuaji hautoshi. Mwanamke anayefika hapo hupokewa na daktari na mshauri wa kumsaidia kubeba yaliyompata. Akitaka kwenda mahakamani hupewa wakili. Na kabla ya kurudi kijijini, au kuhamia kwingine ikiwa kijiji kimemkataa, anaweza kufundishwa kushona, kusuka vikapu, kusoma na kuandika, na kushika hesabu za biashara ndogo.